Kabla Hujamlipa Mtu Akusaidie Kupata Hataza

Mwezi Julai unapokaribia, mafundi wa Keko, Tandika, Mbagala, Tandale na Tegeta huanza kung'arisha kazi zao kwa ajili ya Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo sote tunayaita Sabasaba, katika viwanja vya Mwalimu Nyerere vilivyopo Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke. Ndio pia msimu ambao swali moja huulizwa sana: nimetengeneza mashine yangu mwenyewe, je, nimpe nani anisajilie kabla haijaigwa? Ndani ya swali hilo yamo maswali mawili, la nani na la lini. Wengi huhangaika na la kwanza, ilhali la pili ndilo linaloweza kuharibu kila kitu kwa siku moja. Kwa hiyo tutaanza nalo.

Hataza ni haki ya kisheria inayompa mvumbuzi mamlaka ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ridhaa yake kwa kipindi maalumu. Kwa upande wa Tanzania Bara, haki hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, na inasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Sheria inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi ambayo isingemjia kirahisi fundi yeyote mwenye ujuzi wa kazi hiyo, na uweze kutumika viwandani, kilimo kikiwemo. Neno zito hapo ni "mpya". Upya haupimwi kwa mtaa wako wala kwa nchi yako. Hupimwa kwa yale ambayo yamekwisha kuwekwa wazi kwa umma popote duniani kabla ya tarehe ya kuwasilisha maombi yako, na miongoni mwa hayo yanahesabiwa hata yale uliyoyaweka wazi wewe mwenyewe.

Maana yake ni kwamba fundi anayeipeleka mashine yake Sabasaba, akaifungua mbele ya wageni na kueleza namna inavyofanya kazi, anaweza kuwa ameipoteza hataza yake siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayerusha video ya jaribio katika mitandao ya kijamii, au anayemuuzia jirani mashine ya kwanza ili apate fedha ya kutengenezea ya pili. Zipo nafuu chache katika sheria kwa baadhi ya mazingira, lakini ni finyu, na hazifanani baina ya nchi na nchi. Si busara kupanga maisha juu yake. Wasilisha maombi kwanza, kisha onesha. Na kama utahitaji mtaalamu, mtafute miezi kadhaa kabla ya maonesho, maana maombi yaliyoandikwa kwa siku mbili huwa na kasoro ambazo haziponi.

Je, ulichonacho ni uvumbuzi?

Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa shule ya sekondari Magamba, Lushoto, alibaini kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ungali wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Baadaye alishirikiana na Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala juu ya jambo hilo katika jarida la fizikia. Hadi leo wanasayansi wa dunia hulitaja kwa jina la Mpemba. Ni heshima kubwa kwa nchi, lakini isingeweza kuwa hataza. Mpemba aligundua jambo lililokuwepo katika maumbile. Ugunduzi, nadharia za kisayansi na kanuni za hisabati haziingii katika hataza, na pia haziingii mbinu za kuendesha biashara, kanuni za michezo, wala njia za kumtibu binadamu au mnyama. Lau mtu angebuni mtambo wa kugandisha aiskrimu unaolitumia jambo lile kwa namna ambayo haijapata kuonekana, hapo tungekuwa na jambo la kuzungumza.

Kwa upande mwingine, wapo wanaojidharau bure, wakidhani kwamba uvumbuzi lazima uwe kitu ambacho hakina mzazi. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Kuchuja maji kwa mchanga ni jambo la kale mno. Jipya lilikuwa namna alivyounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa maabara ili kuondoa uchafu ambao mchanga peke yake hauwezi kuuondoa. Maboresho ya kitu cha zamani yanaweza kabisa kuwa uvumbuzi, mradi uweze kuonesha ni wapi cha zamani kinaishia na chako kinaanzia.

Hapo ndipo unapoweza kumpima mtaalamu tangu siku ya kwanza. Mtaalamu wa kweli atakuuliza maswali mengi, na huenda akakwambia kwamba ulichonacho hakifai kwa hataza bali kwa cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho sheria yetu inakitambua na masharti yake ni mepesi zaidi. Anaweza pia kukwambia kwamba unachotaka kulinda ni jina na nembo, hivyo usajili alama ya biashara, au kwamba ni kitabu au programu, hivyo uende Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Ushauri wa namna hiyo humpunguzia mapato anayeutoa. Anayekubali kila kinacholetwa mezani, bila hata kukitazama, anauza kitu kingine.

Je, ni lazima kumlipa mtu?

Sheria haimlazimishi mvumbuzi anayeishi nchini. Anayeishi nje ya nchi ndiye anayetakiwa kuwakilishwa na wakala. Wewe wa Chamazi au Bunju unaweza kuandika maombi yako, ukayawasilisha BRELA na kulipa ada mwenyewe. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaowaambia wananchi kwamba BRELA haipokei maombi isipokuwa kwa mkono wa mtu fulani. Huo ni uongo.

Hata hivyo, tunadhani kwamba kwa uvumbuzi wenye matumaini ya biashara, gharama ya mtaalamu mzuri mara nyingi ina maana. Sababu yake iko katika sehemu moja ya maombi inayoitwa madai. Maombi ya hataza huwa na maelezo ya uvumbuzi, michoro inapohitajika, muhtasari, na madai. Maelezo humfundisha msomaji namna ya kuutengeneza uvumbuzi, ilhali madai husema ni kipi hasa unachokimiliki. Aliyewahi kununua kiwanja Dar es Salaam atalielewa jambo hili upesi: maelezo ni sawa na kumtembeza mtu shambani, lakini madai ndiyo bikoni. Mgogoro ukizuka, hakuna anayeuliza ulitembea wapi. Watatazama bikoni zilipo.

Tuchukue mfano wa fundi wa Mbagala aliyebuni mashine ya kumenya mihogo. Tatizo la mashine nyingi za aina hiyo ni kwamba mhogo haukunyooka, hivyo kisu humega nyama yake au huacha maganda. Yeye ameweka ndani ya pipa linalozunguka vidole vya mpira vinavyopinda kufuata umbo la mhogo. Akiandika madai mwenyewe, huenda akaandika alichonacho mbele ya macho: mashine yenye pipa la chuma la kipenyo cha sentimeta 60, vidole 24 vilivyokatwa kutoka tairi la gari, na mota ya umeme. Kila neno ni kweli, na ndiyo hasara yenyewe. Mshindani atatengeneza mashine yenye pipa la plastiki, vidole 20, inayozungushwa kwa kanyagio, naye atasema kwa haki kabisa kwamba hajaingia ndani ya bikoni.

Basi tuseme fundi anazinduka na kudai "mashine yoyote ya kumenya mihogo". Hapo atakataliwa, kwa kuwa mashine za kumenya mihogo zilikuwepo kabla yake. Kazi ya mtaalamu ni kusimama katikati ya makosa hayo mawili. Atauliza: ukiondoa mota, je, uvumbuzi unabaki? Unabaki. Ukibadilisha chuma kuwa plastiki? Unabaki. Ukiviondoa vidole vinavyopinda? Hapana, hapo hakuna kitu tena. Kumbe kiini ni vidole vinavyopinda ndani ya chombo kinachozunguka. Dai la kwanza litajengwa juu ya hilo, bila kutaja idadi wala aina ya mpira. Nyuma yake yatafuata madai membamba zaidi, moja likitaja mpangilio wa vidole, lingine ugumu wa mpira, ili dai pana likianguka, fundi asibaki mikono mitupu. Mtaalamu hodari atauliza pia kama mashine hiyo yaweza kumenya viazi au magimbi, jambo ambalo fundi mwenyewe huenda hakuliwaza.

Ugumu mwingine ni kwamba baada ya tarehe ya kuwasilisha, huruhusiwi kuongeza jambo jipya ambalo halikuwemo katika maombi ya awali. Unaweza kurekebisha na kupunguza, lakini kilichosahaulika kimesahaulika. Ndiyo maana tunasema fedha ya kuandika maombi vizuri mara ya kwanza ina thamani kuliko fedha ya kuyatetea baadaye.

Unamwamini nani?

Katika mazungumzo ya mitaani kila anayevaa suti na kubeba bahasha huitwa mwanasheria. Kisheria kuna tofauti. Wakili ni mtu aliyesajiliwa katika orodha ya mawakili na mwenye cheti hai cha kufanya kazi ya uwakili, ambacho huhuishwa kila mwaka. Unaweza kuthibitisha jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, bila malipo, kwa simu yako, kabla hujaketi naye. Ikiwa unatarajia kuwasilisha maombi katika Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, shirika hilo nalo lina orodha ya mawakala wake. Wakili anabanwa na wajibu wa kutunza siri za mteja, na akikosea anaweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Kishoka anayekusubiri nje ya ofisi za umma habanwi na chochote kati ya hayo. Ukimsimulia uvumbuzi wako bila mkataba wa kutunza siri, huenda umeuweka wazi kwa umma, na hutakuwa na pa kumshika.

Lakini uwakili peke yake hautoshi. Wakili aliyebobea katika kesi za ardhi au mirathi anaweza kuwa hodari sana mahakamani na asiwe amewahi kuandika dai la hataza hata moja. Si kosa kumuuliza, tena bila haya: wewe mwenyewe umeandika maombi mangapi ya hataza, na katika fani zipi? Naomba kuona moja ambalo limekwisha kutangazwa. Maombi yaliyotangazwa yako wazi kwa umma, hivyo hawezi kusingizia siri. Muulize pia nani hasa ataandika, yeye au msaidizi wake, na kama anamwakilisha mtu mwingine katika biashara kama yako. Ikiwa uvumbuzi wako ni wa kemia au umeme na yeye hana ujuzi huo, muulize atashirikiana na mhandisi gani, na kama mhandisi huyo atatia saini mkataba wa siri.

Kabla ya kikao hicho, fanya upekuzi wa awali. Hifadhidata za PATENTSCOPE, ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na Espacenet, ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ni za bure na zina mamilioni ya nyaraka za hataza. Kwa bahati mbaya nyingi si za Kiswahili, ila michoro haihitaji mkalimani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyopo Kijitonyama, hushughulika na wabunifu na yaweza kukuelekeza, na SIDO imewahudumia wenye viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Hatusemi kwamba ofisi hizo zitakuandikia madai. Ila utaingia kwa wakili ukiwa na maswali, na wakili hutoza saa chache zaidi kwa mteja aliyejiandaa.

Ahadi ambazo hazina mwenyewe

Kuna maneno ambayo ukiyasikia, simama na uondoke. La kwanza ni "hataza ya dunia nzima". Hakuna kitu hicho. Hataza hufanya kazi katika nchi ilikotolewa. Ile ya BRELA ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili, BPRA. Kupitia ARIPO, chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ombi moja laweza kutaja nchi kadhaa, kama vile Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Zambia, na kila nchi iliyotajwa ina nafasi ya kukataa. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1999, hurahisisha kuomba katika nchi nyingi, lakini mwisho wake kila nchi huamua yenyewe. Kumbuka vilevile kwamba ukishawasilisha ombi la kwanza, una miezi 12 ya kuomba kwingine ukidai tarehe ileile ya mwanzo. Mtaalamu ambaye hakuitaji miezi hiyo katika kikao cha kwanza ametutia shaka.

La pili ni uhakika wa kupata, "ndani ya mwezi mmoja, hakuna tatizo". Maombi ya hataza hupitia uchunguzi, na muda wake aghalabu huhesabiwa kwa miaka. La tatu ni ahadi ya wanunuzi na wawekezaji wanaosubiri. Nchini Marekani, kampuni iliyoitwa World Patent Marketing ilifikishwa mahakamani na Tume ya Biashara ya nchi hiyo mwaka 2017, ikidaiwa kuwatoza wavumbuzi maelfu ya dola kwa ahadi za hataza na masoko ambazo hazikutimia. Mwaka uliofuata ilipigwa marufuku kufanya kazi hiyo, kwa hukumu ya karibu dola milioni 26. Waliolipa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye matumaini, na mtu mwenye matumaini ndiye anayelengwa, awe Florida au Yombo.

Baada ya maombi kutangazwa, unaweza pia kupokea barua au baruapepe yenye nembo ya kupendeza ikikudai ada ya "kuandikishwa" katika daftari fulani la kimataifa. Shirika la Miliki Bunifu Duniani limekuwa likiwaonya waombaji juu ya madai hayo. Usilipe kabla hujaionesha barua hiyo kwa mtaalamu wako au BRELA.

Fedha, majina na saini

Taka mkataba wa maandishi, katika lugha unayoielewa. Utenganishe ada za Serikali na malipo ya kazi ya mtaalamu, kwa kuwa ada za Serikali zimetangazwa na hazijadiliwi, ila malipo ya kazi mnajadiliana. Ada ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Omba upewe na uilipie mwenyewe benki au kwa simu. Anayetaka ada hiyo itumwe katika namba yake binafsi ajieleze. Kwa malipo ya kazi, dai risiti ya EFD.

Mkataba useme kazi inaishia wapi. Je, bei ni ya kuandika na kuwasilisha tu, au na kujibu hoja za wachunguzi? Hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa: mteja alidhani amelipia hataza, mtaalamu alidhani amelipwa kuandika maombi. Kuna pia ada za kila mwaka za kuitunza hataza, na isipolipwa, haki hutoweka. Uliza nani atakukumbusha, na uandike tarehe hizo pia katika daftari lako.

Soma fomu kabla ya kutia saini. Jina la mwombaji liwe lako au la kampuni yako, na jina la mvumbuzi liwe la aliyevumbua kweli. Ikiwa uvumbuzi ulifanyika kazini, pitia kwanza mkataba wa ajira, maana mwajiri anaweza kuwa na haki. Maombi yakiwasilishwa kwa njia ya mtandao, akaunti ifunguliwe kwa baruapepe na simu yako. Akaunti ikiwa ya kishoka, taarifa zote zitamwendea yeye, na wewe utakuwa mgeni katika jalada lako. Hati ya uwakilishi itaje kazi mahususi na isimpe mtu mamlaka ya kuuza au kuhamisha haki zako.

Wapo watakaosema huna haja ya kulipa, wape tu sehemu ya umiliki. Kwa fundi asiye na mtaji, pendekezo hilo huvutia, na si kila anayelitoa ni tapeli. Ila ukishamwandika mtu kuwa mmiliki mwenza, utamkuta mezani kila utakapotaka kuuza, kukopa au kutoa leseni. Ikibidi kukubali, tafuta wakili mwingine, asiyehusika, akusomee hati hiyo kwanza.

Mambo yakiharibika

Mlalamikie kwanza mhusika kwa maandishi, na utunze nakala. Mwenendo mbaya wa wakili hupelekwa Kamati ya Mawakili. Matangazo na ahadi za kupotosha zinakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ushindani. Aliyechukua fedha kwa udanganyifu au kusajili uvumbuzi wako kwa jina lake ni suala la Polisi na mahakama pia, na huko kitakachokusaidia ni daftari lako la michoro lenye tarehe, ujumbe wa simu na risiti.

Una haki ya kubadili wakala wakati wowote na kudai nyaraka zako. Kabla ya kumwondoa wa zamani, pata kwake au moja kwa moja ofisi ya usajili namba ya maombi, tarehe ya kuwasilisha, na tarehe ya mwisho ya jambo linalofuata, kwa sababu siku za kujibu huendelea kuhesabiwa hata wakati ninyi wawili mnagombana.